Mgonjwa Anayetapika Damu: Namna ya Kupima Hatari Kabla ya Kuamua Alazwe, Arudi Nyumbani au Apewe Rufaa

Mwongozo huu ni wa tabibu, muuguzi na daktari wa zamu katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mgonjwa anatapika damu au anapata choo cheusi. Ndugu wanauliza kama atapona, na dereva wa gari la wagonjwa anasubiri kuambiwa aondoke au akalale. Alama za hatari zipo na zinasaidia sana, ila kila jedwali lina swali lake moja linalolijibu vizuri. Jedwali la Glasgow-Blatchford, tutakalolitumia zaidi hapa, hujibu swali la nani anaweza kurudi nyumbani salama. Halikuambii nani anaweza kusubiri hadi asubuhi. Kwa anayefanya kazi Makete, Ludewa au Chunya, hilo la pili unaliamua kwa kuongeza jambo ambalo jedwali halina: umbali kutoka kitanda cha mgonjwa hadi kwenye damu ya kuongezewa na kwenye endoskopia (kamera ndogo inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni).

Mguse mgonjwa kabla ya kushika kalamu

Hakuna alama inayohesabiwa wakati mgonjwa anazimika. Pima mapigo, presha, kasi ya kupumua na ufahamu. Gawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo cha presha): jibu likizidi 1, kwa mfano mapigo 120 na presha ya juu 100, mchukulie kuwa amepoteza damu nyingi hata kama anaongea nawe vizuri.

Weka kanula mbili kubwa, ya kijani (geji 18) au ya kijivu (geji 16), moja kila mkono. Ile ya bluu ya geji 22 haitakufaa hapa. Maji hupita polepole mno, na damu ndiyo kabisa. Wakati unaweka kanula, chukua papo hapo damu ya kupima himoglobini, yurea na kreatinini (taka za mwili zinazotolewa na figo), kundi la damu na ya kulinganisha kwa ajili ya kuongezewa. Ukiahirisha sampuli hadi baada ya dripu mbili, mishipa itakuwa imenywea na majibu yatakuwa yamechanganyika na maji uliyompa. Mwenye dalili za mshtuko (mwili kukosa damu ya kutosha) apewe dripu ya Ringer Lactate mililita 500 ndani ya dakika 15, kisha mpime upya kabla ya kuongeza. Mgonjwa asile wala asinywe. Anayetapika sana au aliyepungukiwa fahamu mlaze ubavu wa kushoto, kwa sababu damu inayoingia mapafuni huua wengi ambao tumbo lao lingetibika.

Hakikisha damu inatoka juu

Kosa la kwanza hutokea hapa. Mgonjwa anasema "natapika damu" kumbe anakohoa damu, na kwenye mikoa yenye kifua kikuu tofauti hiyo hubadilisha kila kitu. Damu ya mapafuni huja na kikohozi, ni nyekundu na ina povu. Damu ya tumboni huja na kichefuchefu, mara nyingi ni nyeusi au kama machicha ya kahawa, na huchanganyika na chakula. Angalia pia pua na fizi: aliyetokwa damu puani usiku akaimeza ataitapika asubuhi.

Kwa choo cheusi, usiridhike na maelezo ya mdomo. Vaa glavu upime njia ya haja kubwa kwa kidole. Choo chenye damu iliyosagwa ni cheusi cha kung'aa, kinanata, na harufu yake ukishaikuta mara moja hutaisahau. Paka kidogo kwenye gozi nyeupe na udondoshe maji: mara nyingi pembeni huachia wekundu. Mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu atakuwa na choo cheusi pia, lakini kile huelekea kijani, hakinati, na hakina harufu ile. Kipimo hiki huchukua dakika moja, nacho ndicho kinachorukwa zaidi, eti mgonjwa ataona aibu. Mweleze kwa heshima, funga pazia, pima.

Jedwali la Glasgow-Blatchford

Lilitolewa mwaka 2000 na Blatchford na wenzake huko Uskoti, na ubora wake kwetu ni kwamba halihitaji endoskopia. Alama zake ni hizi:

Yurea kwa milimoli kwa lita: 6.5 hadi 7.9, alama 2, 8.0 hadi 9.9, alama 3, 10.0 hadi 24.9, alama 4. 25 na zaidi, alama 6.

Himoglobini kwa mwanaume (gramu kwa desilita): 12.0 hadi 12.9, alama 1, 10.0 hadi 11.9, alama 3. Chini ya 10, alama 6.

Himoglobini kwa mwanamke (gramu kwa desilita): 10.0 hadi 11.9, alama 1. Chini ya 10, alama 6.

Presha ya juu: 100 hadi 109, alama 1, 90 hadi 99, alama 2, chini ya 90, alama 3.

Mengineyo: mapigo 100 au zaidi kwa dakika, alama 1, choo cheusi, alama 1, kuzimia, alama 2, ugonjwa wa ini, alama 2, moyo kushindwa kufanya kazi, alama 2.

Jumla ya juu kabisa ni 23. Mwenye 0 au 1 anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Kuanzia 2 alazwe. Utafiti uliolinganisha majedwali kadhaa katika nchi mbalimbali, uliotoka mwaka 2017, ulionyesha kuwa kuanzia alama 7 uwezekano wa kuhitaji tiba kwa endoskopia huongezeka vya kutosha kumtenga mgonjwa huyo na wengine.

Kuwa macho na yurea, maana ndipo hesabu huharibika kimyakimya. Maabara nyingine hutoa jibu kwa miligramu kwa desilita, na ukilichukua hivyo hivyo wagonjwa wengi watapata alama kubwa kuliko wanazostahili. Uliza maabara kama namba hiyo ni ya yurea nzima au ni ya naitrojeni iliyo ndani ya yurea. Yurea nzima igawanye kwa 6. Naitrojeni ya yurea igawanye kwa 2.8. Kwa hiyo yurea ya miligramu 54 ni milimoli 9, alama 3. Sababu ya yurea kuwemo ni kwamba damu iliyomwagika tumboni humeng'enywa kama nyama, na ini hugeuza protini yake kuwa yurea. Yurea iliyopanda huku kreatinini ikiwa ya kawaida huunga mkono kwamba damu inatoka juu. Zikiwa zimepanda zote mbili, fikiria pia figo zilizokuwa na shida tangu zamani, au zilizokosa damu ya kutosha kwa sababu ya mshtuko.

Chukua mfano wa mwanaume wa miaka 45, mkulima, amepata choo cheusi kwa siku mbili. Presha ya juu 104, mapigo 108, himoglobini 11.4, yurea 9, hajazimia, ini na moyo havina shida. Himoglobini inampa 3, yurea 3, presha 1, mapigo 1, choo 1. Jumla 9. Ukimtazama amekaa kitini anazungumza, na himoglobini ya 11.4 haimtishi mtu yeyote wodini. Bila kuhesabu, huyu angepewa omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) na kuambiwa arudi Jumatatu. Sasa mlinganishe na dada wa miaka 28 aliyetapika mara nyingi baada ya sherehe, na tapishi la mwisho likawa na michirizi ya damu nyekundu. Presha 118, mapigo 84, himoglobini 12.6, yurea 4.1, choo cha kawaida. Jumla yake ni 0, na inaelekea ni mchaniko mdogo mwishoni mwa umio ambao mara nyingi hupona wenyewe.

Kama maabara haina yurea

Hili ni la kila siku, vitendanishi huisha. Kanuni ni moja: kipimo ambacho hakikufanyika si sifuri. Andika "alama zisizopungua", kisha jumlisha ulizonazo. Yule mkulima bila maabara yoyote ana 1 ya presha, 1 ya mapigo na 1 ya choo, hivyo alama zisizopungua 3. Tayari hawezi kurudi nyumbani, na hukuhitaji maabara kulijua hilo. Vilevile mgonjwa mwenye choo cheusi aliyezimia chooni tayari ana 3, iwe presha yake imerudi vizuri au la.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Mtu ambaye kitandani hana alama hata moja, lakini yurea na himoglobini hazijapimwa, usimwite sifuri. Mlaze usiku mmoja, pima mapigo na presha kila saa, na asubuhi tafuta angalau himoglobini.

Yapo majedwali mengine. Rockall kabla ya endoskopia hutumia umri, mshtuko na magonjwa mengine. AIMS65 hutumia albumini (protini ya damu) chini ya gramu 3.0 kwa desilita, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) zaidi ya 1.5, fahamu iliyobadilika, presha ya juu isiyozidi 90 na umri wa miaka 65 au zaidi. Yote mawili hulenga zaidi kubashiri kifo. Kwa kuamua nani aende nyumbani, Blatchford huyashinda.

Vinavyoficha hatari

Himoglobini ya saa za mwanzo. Mtu anapotokwa damu, hupoteza chembe na maji kwa pamoja, kwa hiyo kipimo hubaki palepale mpaka mwili uvute maji kuingia mishipani au wewe umpe dripu. Hilo huchukua saa kadhaa, na kushuka kunaweza kuendelea siku ya pili. Rudia kipimo baada ya saa 4 hadi 6, na usimwambie ndugu kwamba "damu yake iko vizuri" kwa kipimo cha kwanza.

Mwinuko. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Njombe na Makete ziko juu zaidi. Anayeishi huko huwa na himoglobini ya juu kuliko mtu wa pwani, na Shirika la Afya Duniani hurekebisha viwango vya upungufu wa damu kwa sababu hiyo. Jedwali la Blatchford halina marekebisho hayo. Usibadilishe alama kwa kubuni, ila ukiona mwanaume wa Makete ana gramu 13 na choo cheusi, usiseme hajapoteza kitu. Huenda alikuwa na 15.5.

Baridi. Mwezi wa Juni na Julai vidole vya mgonjwa wako vitakuwa baridi hata kama hana mshtuko, na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kitasuasua. Kupima muda wa damu kurudi kwenye ukucha kutakudanganya. Bonyeza kifuani juu ya mfupa wa katikati kwa sekunde 5 na uhesabu. Mfunike blanketi mapema, kwa sababu mwili uliopoa hugandisha damu vibaya.

Dawa za presha na moyo. Anayetumia propranololi au atenololi, dawa zinazopunguza mapigo, anaweza asifikishe mapigo 100 hata akiwa anakwisha. Na mzee ambaye kadi yake ya kliniki inaonyesha presha ya juu 170 kila mwezi, leo akiwa na 112, jedwali linampa sifuri ya presha ilhali kwake hiyo ni presha ya mshtuko. Omba kadi ya kliniki, isome.

Vijana. Kijana mwenye moyo imara hushikilia presha kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla. Kwake amini mapigo, jasho la baridi na mkojo kuliko presha. Mkojo usipungue nusu mililita kwa kilo kwa saa.

Dawa za maumivu. Ukiuliza "unatumia dawa gani?" wengi watajibu hakuna. Uliza hivi: mgongo ukiuma baada ya kulima unanunua nini dukani? Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ndiyo majibu utakayoyapata, wakati mwingine pamoja na sindano ambayo mgonjwa haihesabu kuwa dawa aliyotumia. Haya hayana alama kwenye jedwali, ila huamua tiba.

Ini na mishipa ya umio

Alama 2 za ini ndizo zinazosahaulika zaidi, na ndizo zenye uzito mkubwa kwenye maamuzi. Mishipa ya umio iliyovimba kwa shinikizo la mshipa mkuu wa ini hutoa damu nyingi kwa muda mfupi. Tafuta macho ya njano, maji tumboni, bandama iliyovimba, mishipa iliyojitokeza tumboni, kuchanganyikiwa. Pima homa ya ini B. Uliza kuhusu pombe kwa majina yake: ulanzi, komoni, gongo, na kiasi kwa siku, siyo "unakunywa kidogo?". Uliza pia mgonjwa alikulia wapi. Aliyeishi kando ya Ziwa Victoria kisha akahamia Mbarali au Mbozi anaweza kuwa na madhara ya kichocho cha tumbo kwenye ini. Huyu huwa na bandama kubwa na damu nyingi, huku ini lenyewe likiwa bado linafanya kazi vizuri, na akidhibitiwa mapema hupona vizuri.

Ukishuku mishipa ya umio, usisubiri uthibitisho. Mpe antibiotiki ya seftriaksoni gramu 1 kwa mshipa kila siku, kwa kuwa maambukizi huongeza kutoka damu tena na vifo kwa wenye ini lililosinyaa. Kama kuna oktreotaidi (dawa ya kupunguza shinikizo kwenye mishipa hiyo), mikrogramu 50 kwa mshipa kisha mikrogramu 50 kwa saa. Damu mwongezee kwa kiasi: ukimjaza kupita gramu 9, unapandisha shinikizo la mishipa ileile na kuifungulia tena.

Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, kwa hiyo fungua kinywa cha mgonjwa uangalie kaakaa. Madoa ya zambarau ya saratani ya Kaposi mdomoni yanaweza kuwa na wenzake tumboni.

Alama zimepatikana, sasa amua

Mwenye 0 au 1 arudi nyumbani kama anaishi karibu, ana simu, na kuna mtu mzima wa kulala naye. Akikosa moja kati ya hayo, mlaze, hata kama jedwali linamruhusu. Anayetoka kijiji ambacho gari hupita mara moja kwa siku hana njia ya kurudi saa nane za usiku. Asimamishe dawa za maumivu, na apimwe bakteria wa vidonda vya tumbo kwa kipimo cha choo kabla ya kuanza omeprazoli, kwa sababu omeprazoli huwaficha bakteria hao. Kipimo cha damu cha kingamwili hakitofautishi maambukizi ya leo na ya miaka iliyopita.

Mwenye 2 hadi 6 alazwe mahali penye damu ya kuongezewa. Apimwe kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila nusu saa hadi atulie, kisha kila saa. Omeprazoli au pantoprazoli miligramu 80 kwa mshipa, kisha 40 kila saa 12. Dawa hii haipunguzi vifo ikitolewa kabla ya endoskopia, kwa hiyo isicheleweshe dripu, damu wala safari. Endoskopia ifanyike ndani ya saa 24 inapowezekana.

Mwenye 7 na kuendelea, au anayeshukiwa mishipa ya umio, au mwenye mshtuko unaorudi baada ya dripu: panga rufaa sasa. Kupanga rufaa si kumrusha garini. Utafiti wa Hong Kong uliotoka mwaka 2020, kwa wagonjwa wenye Blatchford 12 na zaidi, haukuona faida ya kufanya endoskopia ndani ya saa 6 ikilinganishwa na saa 6 hadi 24. Hiyo ina maana una muda wa kumtuliza kwanza, na unapaswa kuutumia. Mgonjwa aliyeondoka na presha 70 kupanda milima ya Makete wakati wa mvua hatafika kwenye endoskopia yoyote.

Damu: ongeza himoglobini ikishuka chini ya gramu 7, lengo likiwa 7 hadi 9, mwenye ugonjwa wa moyo anzia 8. Chupa moja hupandisha takribani gramu 1. Anayemwaga damu mbele yako usimsubirie namba.

Asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda) bado hutolewa kwa mazoea. Iacheni. Utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 12,009, ulionyesha kuwa haikupunguza vifo vya kutokwa damu tumboni, na iliongeza damu kuganda kwenye mishipa pamoja na degedege. Kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua ina kazi yake, kwa hiyo ihifadhiwe huko.

Kabla gari halijaondoka

Piga simu hospitali unakompeleka na uulize mambo mawili: endoskopia inafanya kazi leo, na mtaalamu yupo? Hospitali iliyo karibu yenye damu lakini isiyo na endoskopia mara nyingi ni kituo kizuri cha kwanza kwa anayemwaga sana. Hospitali ya mbali yenye vyote ni ya yule uliyemtuliza. Kanula mbili zifungwe vizuri na zijaribiwe kwa maji, kwa sababu ndani ya gari gizani hakuna atakayeweka nyingine. Muuguzi aende naye, na oksijeni, kifyonzaji, blanketi mbili, na damu iliyolinganishwa kama ipo. Ndugu wawili wenye afya waende pia wakatoe damu, na waelezwe hivyo kabla ya kupanda.

Barua ya rufaa iwe na saa kwa kila jambo: damu ilianza kutoka saa ngapi, tapishi la mwisho lilikuwa saa ngapi na la rangi gani, mapigo na presha za kwanza na za mwisho, dripu na damu alizopewa kwa mililita, dawa zote na saa zake, dawa za maumivu alizokuwa akinunua, na jibu la uchunguzi wa njia ya haja kubwa. Andika alama za Blatchford pamoja na mchanganuo wake, siyo jumla tu. Ukiandika "9" peke yake, mpokeaji hajui kama yurea ilihesabiwa. Ukiandika "zisizopungua 6, yurea haikupimwa", ataipima yeye akimpokea. Safarini apimwe kila dakika 15, na vipimo hivyo viandikwe nyuma ya barua hiyohiyo ili vimfikie daktari mpokeaji pamoja na mgonjwa.